Bi Sa-ngiam, Mtunza Jezi wa Timu Iliyofutwa

Ifikapo saa kumi na nusu jioni ya tarehe 30 Septemba 2567 kwa kalenda yetu ya Kibuddha, Bi Sa-ngiam Khamphuang atakabidhi funguo za Uwanja wa Manispaa ya Nong Phluang na kustaafu rasmi, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne na miezi minne. Wanaotumia kalenda ya wageni watasema ni mwaka 2024. Kwa kalenda yoyote ile, Bi Sa-ngiam ameutumikia uwanja huu kwa muda mrefu kuliko umri wa paa la jukwaa, pampu ya maji na karibu nusu ya wafanyakazi watakaolisoma jarida hili.

Mhariri wetu amenipa heshima ya kuandika wasifu huu baada ya watu watatu kumkatalia. Naitwa Banjong Sriphet, Mkuu wa Kitengo cha Michezo, yaani bosi wa Bi Sa-ngiam kwenye karatasi. Kabla ya kukalia kiti hicho nilikuwa kipa wa Klabu ya Soka ya Nong Phluang, ambayo haipo tena kwenye ligi yoyote, na wenye kumbukumbu nzuri watakuwa wameshaanza kucheka. Wacheke tu. Huwezi kueleza kazi ya mama huyu bila kueleza historia ya klabu ile, na huwezi kueleza historia ya klabu ile bila kunifunga mabao mengine machache.

Tuanze na yeye. Aliajiriwa tarehe 1 Juni 2533, akiwa na miaka ishirini na sita, kufagia jukwaa. Baada ya miaka minne alipewa stoo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua vitu vilipo. Mwaka 2539, kwenye mashindano ya shule za msingi, mtangazaji hakutokea, Bi Sa-ngiam akaombwa ashike kipaza sauti kwa dakika kumi. Hajakirudisha hadi leo. Jina lake maana yake ni mtu mtulivu, na ndivyo alivyotangaza: sauti moja, isiyopanda wala kushuka, kama mtu anayesoma ratiba ya mabasi. Bao letu, bao lao, mtoto aliyepotea, pikipiki iliyoziba geti, vyote alivitangaza kwa uzito uleule.

Klabu ilizaliwa mwaka 2552, wakati kila mkoa na karibu kila wilaya ilipopatwa na homa ya kuwa na timu kwenye ligi ya kanda. Mwanzilishi na mwenyekiti alikuwa Bwana Thawin, mwenye kiwanda cha barafu, mtu mwenye moyo mkubwa na ujuzi mdogo wa soka. Timu aliipa jina la Mamba. Mchoraji wa mabango aliyepewa kazi ya kuchora nembo hakuwahi kumwona mamba kwa macho yake. Alichokuwa akikiona kila siku ni kenge wa bwawani nyuma ya hekalu, basi akachora anachokijua: shingo ndefu, kichwa chembamba, ulimi uliogawanyika ncha mbili. Nembo ikashonwa kwenye jezi ishirini na mbili kabla ya mtu yeyote kuitazama vizuri.

Kwetu, kumwita mtu kenge ni tusi la kumfanya akunje mikono ya shati. Neno lenyewe hulitamki mbele ya mama yako. Mechi yetu ya kwanza ugenini, mashabiki elfu mbili walilitamka mbele ya mama zetu sote.

"Kenge hao! Kenge hao wamekuja!"

Bwana Thawin alisimama juu ya kiti akapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Ni mamba! Nyinyi hamna macho? Tazameni mkia!"

Walitazama mkia, wakacheka zaidi. Wiki iliyofuata Bi Sa-ngiam, ambaye hakuna aliyekuwa amemteua kuwa mtunza jezi, alikaa stooni na sindano akafumua ulimi mmoja baada ya mwingine kutoka kwenye nembo zote ishirini na mbili. Kazi safi kabisa. Mechi iliyofuata ugenini tulipokewa kwa jina la Kenge Bubu. Tangu hapo, hata hivyo, jezi zikawa zake. Alizifua, akazianika nyuma ya lango la kaskazini, akazikunja kwa namba. Hakulipwa kitu cha ziada wala hakuomba. Nilipomuuliza mwaka ule kwa nini anajisumbua, alisema, "Nikiwaachia nyinyi, mtacheza mkiwa mnanuka." Hilo nalo lilikuwa kweli.

Ugenini tulisafiri kwa lori la barafu. Mwenyekiti alituhakikishia kwamba mtambo wa baridi ungezimwa. Dereva alisahau mara mbili. Tukifika tunashuka tukiwa tumekakamaa kama samaki wa sokoni, na nusu saa baadaye tunatakiwa kukimbia. Bi Sa-ngiam alianza kutuwekea kila mmoja blanketi kuukuu la hospitali na kifurushi cha wali wa kunata ukiwa wa moto, tuukumbatie kwanza, kisha ndiyo tuule. Beki wetu mmoja aliwahi kulala nao tumboni mpaka tukafika. Alipoamka ulikuwa umeganda kama tofali.

Sasa kuhusu mimi. Msimu wa pili tulifungwa mabao tisa kwa sifuri, nyumbani, na mimi ndiye niliyekuwa golini. Mashabiki wetu wenyewe walinibatiza jina la Geti la Hekalu, kwa sababu geti la hekalu liko wazi kwa kila mtu, siku zote, bure. Bi Sa-ngiam alitangaza yote tisa kwa sauti yake ya ratiba. "Bao la sita. Namba kumi na moja. Dakika ya hamsini na nane." Baada ya la tisa alinyamaza kidogo, uwanja mzima ukatega masikio tukidhani sasa atasema neno. Akasema, "Mwenye pikipiki nyekundu, umeacha taa ikiwaka."

Lakini tulikuwa na siku yetu pia. Mwaka 2555, kwenye raundi ya tatu ya kombe, tulipangiwa timu kubwa kutoka mji mkuu, wenye basi lao lenye kiyoyozi na mpishi wao. Kipa wetu namba moja asubuhi ile alikula saladi ya papai yenye kaa wa kuchachushwa, na kufikia saa nane mchana alikuwa chooni akiwaaga ndugu zake. Nikaingia mimi. Walipiga mashuti thelathini na moja. Manne yaligonga mwamba, moja lilimgonga refa, na mengine sijui yalikwenda wapi kwa kuwa nilikuwa nimefumba macho. Dakika ya themanini na mbili beki wao alirudisha mpira kwa kipa wake bila kuangalia, na kipa wake alikuwa amesimama kando akifunga kamba za viatu. Tulishinda bao moja kwa sifuri, na hakuna mchezaji wetu aliyeugusa mpira huo kwa mita arobaini za mwisho. Gazeti la mkoa lilitoa picha yangu nikiwa hewani, nimejinyoosha kama chui. Nimeitundika ofisini. Mpira hauonekani pichani kwa sababu ulikuwa umeshanipita, ukagonga mwamba na kurudi.

Siku ile watu elfu tano waliingia uwanja wa watu elfu tatu. Bi Sa-ngiam alitangaza: "Mechi imekwisha. Nong Phluang moja, wageni sifuri. Tafadhali msikanyage nyasi." Wakazikanyaga zote.

Mwaka huo tulimaliza nafasi ya nne kati ya timu kumi na sita, na hapo ndipo kilele chetu kilipokuwa. Baada ya hapo tuliteremka taratibu, kwa nidhamu, msimu hadi msimu. Mwaka 2560 zikaja kanuni mpya za leseni: taa kubwa za uwanjani, viti vya mtu mmoja mmoja, chumba cha daktari, chumba cha waandishi. Sisi tulikuwa na ngazi za saruji na balbu mbili. Mwenyekiti alizunguka mji mzima akitafuta wa kumsaidia, akarudi akiwa na ahadi za viti kumi na vinne. Klabu ikafutwa.

Alituita Jumapili moja asubuhi, tukakaa kwenye ngazi za jukwaa. Alianza hotuba, akaiacha njiani. Akaashiria lori lake lililosimama kando ya uwanja. Kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa kila mtu siku hiyo kilikuwa barafu. Kila mchezaji alikabidhiwa kipande kizima, kile kikubwa cha wauza samaki, kimefungwa kwenye gunia. Tulikwenda nyumbani na pikipiki zetu, barafu ikidondoka njia nzima. Nilipofika kwangu mke wangu alinitazama nimelowa kuanzia kiunoni, akauliza, "Wamekuaga kwa kukumwagia maji?" Nilifungua gunia. Tuliiweka barafu ndani ya beseni tukaitazama ikiyeyuka.

Bi Sa-ngiam alikusanya jezi zote, akazifua mara ya mwisho, akazifungia kabatini. Mwaka uleule mimi nikapata kazi manispaa, kwenye dawati lililo mbele ya lake. Nilidhani hadithi imeishia hapo. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kudhani sana na kusoma kidogo, niliendelea kudhani hivyo kwa miaka saba.

Hapa lazima nieleze fomu moja. Kila mwisho wa mwezi, msimamizi wa uwanja, ambaye tangu 2558 ni Bi Sa-ngiam, hujaza ripoti ya matumizi ya uwanja: nani amecheza, nyasi zikoje, vyoo vinafanya kazi au la. Mkuu wa kitengo hutia saini. Mimi nilitia saini kama mtu anayegonga mihuri posta. Mstari wa nne wa fomu hiyo umeandikwa "Timu mwenyeji." Ripoti baada ya ripoti, zaidi ya themanini, Bi Sa-ngiam aliandika kwa mwandiko wake wa duara: Klabu ya Nong Phluang. Nami nikasaini zote.

Jumanne ya tarehe 11 Juni mwaka huu alikuja mkaguzi kutoka ofisi ya mkoa, Bwana Phuwadon, ofisa nadhifu wa miaka thelathini hivi, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama. Mkoa ulikuwa unapitia viwanja vyote. Alikaa stooni na faili lake magotini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na trei ya chai ya barafu.

"Shangazi," alimwambia Bi Sa-ngiam kwa adabu, "hii klabu nimeitafuta. Rekodi zinasema ilifutwa mwaka 2560."

"Ilifutwa kwenye ligi," alisema Bi Sa-ngiam. "Fomu haiulizi ligi."

Mkaguzi aliisoma fomu upya. "Kweli haiulizi. Inasema timu yenye makao hapa na inayocheza. Inacheza?"

"Inacheza."

"Lini?"

"Jumamosi. Saa kumi jioni."

"Jumamosi hii?"

"Karibu sana. Uje na kofia, jukwaa la upande ule halina paa."

Bwana Phuwadon aliandika kitu, akanywa chai yake, akaaga kwa kukutanisha viganja kifuani, akaondoka. Nilisubiri gari lake lipite geti ndipo nikaiweka trei chini.

"Shangazi Ngiam," nikasema, "wachezaji gani hao?"

Alinitazama kuanzia viatu hadi kitambi. "Wewe mmoja. Wamebaki kumi."

Ningependa kuandika kwamba nilicheka. Nilifunga mlango. Kuandika uongo kwenye ripoti ya serikali ni kosa la kinidhamu, na mtu aliyebakiza miezi mitatu kustaafu anaweza kuondoka mikono mitupu na jina limechafuka. Aliyesaini naye hasalimiki. Nilimweleza yote hayo kwa sauti ya bosi. Akaniacha nimalize.

"Wewe utasema hukusoma," alisema. "Watakuamini. Sura yako inaonyesha."

Kisha akatoa daftari la shule kutoka mtoto wa meza. Ndani yalikuwamo majina ya wachezaji wote waliowahi kuvaa jezi ile, na namba zao za simu, zile za zamani zimekatwa, mpya zimeandikwa pembeni. Kila mwaka mpya, siku za kumwagiana maji, alikuwa akiwapigia mmoja mmoja kuwajulia hali. Hata mimi alikuwa akinipigia, nami nilidhani ni kwa kuwa tunafanya kazi pamoja. Akaanza na nahodha wetu wa zamani, Bunthan, ambaye sasa ni dereva wa basi la shule.

"Bunthan, mwanangu. Jumamosi tuna mechi."

Nilisikia sauti ya Bunthan kutoka upande wa pili, maana huongea kama bado yuko katikati ya uwanja. "Mechi ya nani, Shangazi?"

"Yako. Njumu unazo?"

"Ninazo. Kuku wametagia ndani."

"Watoe kuku."

Alikata simu akapiga nyingine. Alipiga simu ishirini na tatu siku ile. Hakumbembeleza mtu.

Ijumaa mchana nilimkuta nyuma ya lango la kaskazini akianika jezi. Zilikuwa safi. Nilifahamu siku hiyo kwamba kila mwaka mvua zilipokwisha alizitoa, akazifua, akazianika na kuzirudisha, nondo wasizile. Ofisi ya bosi wake ina dirisha linalotazama kamba hiyo moja kwa moja. Miaka saba nilikuwa nimeziona jezi hizo nikadhani ni za shule.

Nikamuuliza nilichopaswa kumuuliza zamani. Kwa nini?

Alifuta mikono, akaniongoza stooni, akanionyesha barua ya mwaka 2561 yenye ramani. Uwanja wetu ulikuwa umechorwa mistari midogo midogo ya kijivu: maegesho ya magari mia mbili na arobaini, na upande wa mashariki vibanda vya biashara. Chini yake kulikuwa na mwongozo kwamba kiwanja kisicho na timu mwenyeji kwa miaka mitano mfululizo kinaweza kubadilishiwa matumizi. Barua ilikuwa na nakala kwa Mkuu wa Kitengo cha Michezo. Ilikuwa na saini yangu kwamba nimeipokea.

"Nikiandika 'hakuna,'" alisema, "mwaka wa tano wanaleta tingatinga. Wale wazee wa kiharusi wanaokuja asubuhi kujifunza kutembea, watatembea wapi? Katikati ya magari? Na wasichana wa sekondari? Na wale kinamama wa kucheza muziki jioni?"

"Ungeniambia, Shangazi."

"Ningekuambia, ungeogopa. Ungeogopa, ungemwambia mtu." Alichukua jezi namba moja, akaipima mgongoni kwangu, akatikisa kichwa. "Halafu mimi sikudanganya. Mlikuwapo. Mlikuwa mmetawanyika tu."

Nilirudi ofisini nikakaa. Ripoti ya Mei ilikuwa bado mezani, ilikuwa imechelewa kwa sababu yangu. Niliisoma mstari kwa mstari, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya utumishi. Kwenye mstari wa nne palikuwa na yale maneno. Nikatia saini. Hiyo ndiyo saini pekee ninayoweza kuitetea kati ya zote nilizowahi kuweka.

Jumamosi walikuja. Bunthan alikuja na basi la shule. Mshambuliaji wetu Chaluai, ambaye mashabiki walimwita Upepo, alishuka na kilo zake tisini na nane, akaomba dakika tano apumzike kwanza kutokana na kushuka. Hadi saa kumi kasorobo tulikuwa tisa. Wa kumi na wa kumi na moja walikuwa kwenye basi kutoka mji mkuu, safari ya saa saba, nao waliingia uwanjani dakika ya ishirini, mmoja akiwa bado na suruali yake ya kazi ya ulinzi. Bwana Thawin, mzee sasa, alikuja na lori la barafu kwa ajili ya magoti. Jezi zilizoshonwa kwa vijana wa miaka ishirini na mitatu ziliingia kwa shida. Ya Bunthan ilikwama kifuani, wakaivuta watu wawili, na kenge bubu wa kwenye nembo akatanuka mpaka kwa mara ya kwanza akafanana na mamba.

Wapinzani wetu walikuwa Idara ya Usafi, walioazimwa na Bi Sa-ngiam. Watu wanaokimbia nyuma ya gari la taka kila alfajiri. Aliwaambia wacheze kweli. "Msiwaonee huruma," alisema. "Mkaguzi si mtoto."

Bwana Phuwadon alikaa jukwaani na kofia yake, akala soseji za kuchoma. Watu wapatao mia nne walikuwa wamekuja, sijui nani aliwaambia. Kipaza sauti kikakoroma, na ile sauti ikasikika kama vile haikuwahi kunyamaza: "Namba moja, Banjong Sriphet, mtaa wa nyuma ya soko. Namba tano, nahodha, Bunthan Phimthong, kijiji cha Khok Sung." Aliwataja wote, na mitaa na vijiji vyao. Namba tano, huyo huyo mwenye kuku kwenye njumu, alikuwa amesimama karibu yangu. Nilimwona akijifuta macho na mkono wa jezi, na mshono wa kwapani ukapasuka.

Tulifungwa matano. La kwanza lilipita katikati ya miguu yangu, na mia nne wote wakapiga kelele, "Geti liko wazi!" kama vile hata siku moja haikupita. La tatu nililiona vizuri kabisa, nililisindikiza kwa macho mpaka ndani. Dakika ya sabini Chaluai aliangushwa kwenye eneo la hatari, au aliamua kukaa, refa hakuwa na uhakika. Penalti. Upepo akapiga kwa ncha ya kidole cha mguu, mpira ukatambaa, kipa wa Usafi akateleza, bao. Nimecheza soka miaka kumi na moja na sijawahi kuusikia uwanja ule ukilia namna hiyo, hata siku ya kombe. "Bao," alisema Bi Sa-ngiam. "Namba tisa. Dakika ya sabini na moja." Halafu kipaza sauti kikabaki kimefunguliwa kwa muda, na sote tukasikia mtu akipenga kamasi.

Baada ya mechi mkaguzi alinifuata. Nilikuwa nimelala chini, kipande cha barafu kwenye kila goti.

"Hii ndiyo timu?" akauliza.

"Ndiyo, mkuu."

"Mnafanya mazoezi?"

"Kama ulivyoona."

Aligeuka akawatazama wale wachezaji waliolala kama nguo zilizoanguka kwenye kamba, kinamama waliokuwa wanaingia na redio yao ya muziki wa jioni, wasichana wa sekondari wakisubiri mpira upatikane. Alitazama na dirisha la mtangazaji. Kisha akavaa kofia yake, akaelekea getini.

Barua ya mkoa ilifika baada ya siku kumi na tisa. Katika siku hizo kumi na tisa nilipungua kilo tatu, faida pekee ya kiafya niliyoipata kwenye utumishi wa umma. Bi Sa-ngiam alikuja kazini kila siku saa moja na robo kama kawaida. Bahasha aliifungua yeye, akaisoma, akanipa. Kwenye mstari wa nne Bwana Phuwadon alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe: "Timu mwenyeji: ipo. Kiwango: duni sana." Chini yake aliagiza timu icheze hapa angalau mara moja kwa mwezi, ithibitishwe kwa picha, na uwanja ubaki uwanja.

Bi Sa-ngiam alikaa kwenye kreti la mipira. Alicheka bila sauti mpaka mabega yakatikisika, kisha akaacha kucheka, mabega yakaendelea kutikisika. Nilitoka nje nikaenda kukagua vyoo, ambavyo havikuhitaji kukaguliwa.

Tangu siku ile tumecheza mechi nane. Tumefungwa saba na kutoka sare moja, iliyokatishwa na mvua dakika ya kumi na moja. Idara zote za manispaa zinatuomba mechi, kwa sababu ambazo hatujivunii. Wafanyakazi wenzake walipomuuliza Bi Sa-ngiam angependa zawadi gani ya kustaafu, aliomba seti ya jezi kubwa. Tumempa, pamoja na shada la maua, kwa sababu jezi peke yake ingeonekana kama tumejipa zawadi wenyewe, jambo ambalo ni kweli.

Kuanzia Oktoba atahamia kwa dada yake mtaa wa sokoni, mita mia nne kutoka getini. Tumemtengea kiti chenye mto, safu ya mbele, chini ya paa. Jumamosi ya tarehe 5 Oktoba saa kumi jioni, Mamba wanacheza na Idara ya Maji, na mtu mwingine atashika kipaza sauti.

Shangazi Ngiam, katika mechi zote ulizotutangazia hukuweza hata kuguna, maana kazi haikuruhusu. Ulisoma mabao yetu ya aibu kana kwamba ni ya heshima, na nadhani ndiyo maana tulirudi ulipotuita. Sasa huna bosi, hata wa kwenye karatasi. Nikifungwa Jumamosi hiyo, na nitafungwa, simama juu ya kiti unizomee mbele ya mji mzima. Tunakushukuru kwa nyasi, kwa wali wa moto, kwa jina letu kwenye mstari wa nne. Tunakuombea usingizi mrefu asubuhi, magoti yasiyouma, na sauti ya kutosha.